Moshi, Uingereza au Marekani? Kusomea tiba kwa vitendo ukiwa na GPA ya chini, ukianzia Mwanza

Kama umemaliza shahada ya kwanza kwa GPA ya 2.8 na sasa moyo umeangukia tiba kwa vitendo (occupational therapy), ujue mapema kwamba hiyo 2.8 haina uzito mmoja kila mahali. Moshi karibu hakuna atakayeiuliza. Uingereza wataiuliza, halafu watataka kusikia na mengine. Marekani itachambuliwa somo kwa somo, mpaka lile somo la takwimu ulilokula supu, yaani kurudia mtihani, mwaka wa pili.

Nalinganisha njia hizo tatu kwa ajili ya mtu wa Mwanza, Musoma, Bukoba, Geita au visiwani Ukerewe. Simzungumzii mwenye alama za kung'aa. Huyo anachagua chuo kama anachagua sangara mkubwa soko la Mwaloni. Namzungumzia aliyemaliza na daraja la pili la chini au pass, ambaye pengine alisomea sosholojia, ualimu au baiolojia, akaja kukutana na fani hii ukubwani.

Wengi hukutana nayo kwa mgonjwa wa nyumbani. Mzee aliyekuwa fundi wa nyavu amepata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Mfiziotherapia amemsimamisha, anatembea hatua chache akishika ukuta. Lakini mzee halii kwa ajili ya kutembea. Analia kwa sababu hawezi kushika sindano ya nyavu wala kijiko cha uji. Hapo ndipo mtoa tiba kwa vitendo anapoingia. Anakizungushia kijiko kipande cha tyubu ya baiskeli mpaka mpini unenepe kiasi cha kushikwa na vidole visivyofunga. Anaweka kipande cha wavu mezani, anaubana kwa jiwe upande mmoja ili mkono usiougua usifanye kazi yote, kisha anahesabu mafundo pamoja na mzee. Leo mawili, wiki ijayo matano. Kazi yenyewe ndiyo dawa. Ni hivyo hivyo kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kukaa, aliyeungua viganja, au anayetoka wodi ya akili na hajui aanze vipi siku yake.

Turudi kwenye alama.

Hiyo 2.8 ni ya ngapi?

Vyuo vyetu vingi hupima GPA kwa 5. Kuanzia 4.4 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, na 2.0 hadi 2.6 ni pass. Wamarekani hupima kwa 4. Hapo ndipo watu hujichinja wenyewe: wanachukua 2.8, wanaigawa kwa 5, wanazidisha kwa 4, wanapata 2.24, wanafunga kompyuta na kwenda kulala.

Hesabu hiyo si sahihi. Taasisi zinazotathmini vyeti vya nje, kama WES, huangalia herufi ya kila somo na uzito wake. Kwetu B ni pointi 3 kati ya 5. Kwao B ni pointi 3 kati ya 4. Aliyepata B tupu miaka yote mitatu ana 3.0 kwetu, nayo kwa mgawanyo ule wa mezani ingekuwa 2.4, ilhali herufi zake ni B na B zinabaki. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wanaojiita vilaza kwa hesabu ambayo hakuna chuo kinachoipiga. Kabla hujajihukumu, toa transkripti yako, chukua kalamu, hesabu una B ngapi na C ngapi, na C hizo zilitokea mwaka gani. C nyingi za mwaka wa kwanza zinazopungua kadiri miaka inavyosonga husomeka tofauti kabisa na C zinazoongezeka mwaka wa tatu, hata kama GPA ya mwisho ni ile ile.

Kwa Waingereza ni hadithi nyingine. Hawa hawajali sana nukta, wanajali daraja. Vyuo vyao vingi vina ukurasa wa kila nchi unaoonyesha GPA ipi ya Tanzania inalingana na daraja lipi la kwao, na havikubaliani. Chuo kimoja kinaweza kukuweka ndani na cha jirani yake kikakuacha nje kwa GPA hiyo hiyo. Kwa hiyo huko kazi yako ya kwanza ni kusoma kurasa hizo moja baada ya nyingine, na ni kazi ya bando tu.

Moshi: wanataka cheti cha kidato cha nne

Hospitali ya KCMC, Moshi, ndipo mafunzo ya fani hii yalipojengeka hapa nchini, kwa ngazi ya stashahada, miaka 3. Mlango wa stashahada za afya chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ngazi hiyo, hauangalii shahada yako. Unaangalia kidato cha nne. Kwa kawaida wanataka ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nafasi.

Kwa mwenye GPA ya chini hii ni habari njema kuliko zote, na ndiyo habari ambayo watu hawataki kuisikia. Ile GPA inayokukosesha usingizi haimo kwenye fomu. Kama ulisoma sayansi mpaka kidato cha nne na ukafaulu, hata kwa D, unasimama mstari mmoja na kijana wa miaka kumi na minane, na kwa sababu ya umri wako na shahada yako, masomo ya saikolojia na jamii hayatakutesa.

Kinachowazuia watu ni aibu. "Nitoke digrii nirudi diploma?" Shangazi atauliza, wajomba watauliza, mchumba atauliza kwa upole zaidi lakini atauliza. Kwenye familia zetu elimu ni ngazi, na ngazi hupandwa kwenda juu. Mimi naona swali limekaa vibaya. Shahada ya sosholojia haikukaribishi hatua moja kwenye kiti cha mtoa tiba kwa vitendo. Ni ngazi ya nyumba nyingine. Serikali inapotangaza nafasi ya mtoa tiba kwa vitendo, inaangalia cheti cha fani na usajili, na shahada ya kitu kingine haikuziba pengo hilo. Miaka 3 ya Moshi inakupa kitu ambacho miaka 3 ya kwanza haikukupa: jina la kazi.

Kuna jambo la pili ambalo wachache hulihesabu. Stashahada inakupa GPA mpya. Ukimaliza na 3.0 au zaidi, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, inakuruhusu kuomba shahada kwa sifa linganishi, na Muhimbili wana shahada ya fani hii (soma mwongozo wa TCU wa mwaka unaoomba, maana masharti ya kila programu hubadilishwa). Pale ile 2.8 ya zamani imeshakuwa hadithi. Unaingia na alama za mtu mzima aliyesoma akijua anachokitaka.

Ubaya wake? Upo. Kama ulikuwa mtu wa sanaa, ukaacha Fizikia na Kemia kidato cha tatu, mlango huu umefungwa mpaka urisiti. Na kurisiti Kemia ukiwa na miaka ishirini na saba, ukiwa na kazi na mtoto, si mchezo wa kuigiza. Kuna vituo vya jioni Mwanza mjini vinavyofundisha watahiniwa wa kujitegemea. Kaa darasani siku chache kabla ya kulipa, uone kama mwalimu wa Kemia anafika kweli. Mtihani wa NECTA ni Novemba, kwa hiyo ukichelewa usajili wa mwanzoni mwa mwaka umepoteza mwaka mzima.

Pesa ni afadhali kuliko njia nyingine zote, lakini usiwaze mkopo. Kama Bodi ya Mikopo ilikusomesha shahada ya kwanza, jenga bajeti yako bila wao, na kumbuka deni la zamani linakufuata: ukiwa na ajira rasmi linakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nauli si kitu cha kulinganisha na viza. Unapanda basi stendi ya Nyegezi alfajiri, unafika Moshi usiku umechoka, lakini umefika.

Uingereza: wanataka daraja, Hisabati na mdomo wako

Hapa ndipo mtu wa sanaa anapopata ahueni, na inachekesha kidogo. Chuo cha Uingereza kinaweza kumkubali mwenye shahada ya sosholojia ambaye Moshi isingemkubali kwa kukosa Kemia. Wana shahada ya uzamili ya kuingilia fani, kwa kawaida miaka 2, iliyotengenezwa makusudi kwa waliosoma kitu kingine: saikolojia, sosholojia, elimu, sayansi ya michezo. Ukimaliza programu iliyoidhinishwa na HCPC, baraza la Uingereza linalosajili fani za afya kama hii, unaomba usajili na unakuwa mtoa tiba kwa vitendo kamili. Uwe mwangalifu hapo: zipo shahada za uzamili zenye jina linalofanana lakini ni za watu ambao tayari wana fani. Ukisoma hiyo utarudi na cheti kizuri kisichokuruhusu kumgusa mgonjwa. Tafuta jina la programu kwenye orodha ya HCPC kabla ya kutuma chochote.

Daraja wanalotaka mara nyingi ni la pili la juu. Vyuo kadhaa hukubali la pili la chini, hasa kwa mwenye uzoefu wa kazi na watu wenye ulemavu, wazee au wagonjwa wa akili. Mwenye 3.2 kwa 5 ana sababu ya kujaribu. Mwenye 2.8 ajaribu kwa vyuo vilivyoandika wazi kwamba la pili la chini linatosha. Mwenye 2.4, yaani pass, mlango umebanwa sana, na njia anayoweza kuitumia ni kusoma kwanza stashahada ya uzamili hapa nyumbani na kuifaulu vizuri ili awe na cheti kipya cha kuonyesha. Kwa wengi mwaka huo na ada hiyo vingetumika vizuri zaidi kurisiti sayansi.

Sasa Hisabati. Vyuo vingi vya Uingereza huomba Kiingereza na Hisabati za ngazi inayolingana na kidato cha nne chetu, tena kwa C. Watanzania wengi tunabeba F ya Hisabati kwenye cheti kwa miaka yote na haijawahi kutuuma kwa sababu shahada tulipata. Hapa itauma. Baadhi ya vyuo hukubali mtihani mbadala, vingine hukubali somo la takwimu ulilofaulu chuoni. Uliza kwa barua pepe kabla ya kulipia maombi, uliza swali moja lililonyooka, na utunze jibu.

Kiingereza chenyewe wanataka IELTS, kwa kawaida 7.0. Hiyo ni juu. Mtu aliyesoma sekondari na chuo kwa Kiingereza bado anaweza kuangukia 6.0 kwenye kuandika kwa sababu hakujiandaa na muundo wa mtihani.

Halafu kuna usaili, na kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya mwenye GPA ya chini kuipenda njia hii. Karibu programu zote hukuita usaili, kwa video kama uko mbali. Wanakuuliza umeona nini, umefanya nini, utafanya nini mgonjwa akikataa msaada. Mtu aliyekaa miaka miwili kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu Ilemela au Nyamagana anaweza kumshinda pale mwenye daraja la kwanza ambaye hajawahi kumlisha mtoto anayetapika.

Gharama ndiyo kisu. Ada kwa mwanafunzi wa nje kwa kawaida huvuka pauni 15,000 kwa mwaka. Juu yake kuna ada ya huduma za afya ya viza, pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, na lazima uonyeshe benki pesa ya kuishi ya miezi 9. Kwa wenye familia: tangu Januari 2024 mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya kufundishwa haruhusiwi kwenda na mume, mke wala watoto. Miaka 2 mbali na mtoto wa miaka minne ni gharama ambayo haimo kwenye jedwali la ada, na watu huigundua uwanja wa ndege.

Marekani: wanataka kila kitu

Huko programu nyingi huweka kiwango cha chini cha 3.0 kwa 4, chache hushuka chini ya hapo. Maombi mengi hupitia mfumo mmoja uitwao OTCAS. Juu ya shahada, wanataka masomo ya awali: anatomia, fiziolojia, takwimu, saikolojia ya ukuaji, saikolojia ya matatizo ya akili, sosholojia, wakati mwingine istilahi za kitabibu. Aliyesoma sosholojia au saikolojia ana nusu yake. Anatomia na fiziolojia pamoja na maabara yake ndizo zitakazomtoa jasho, kwa sababu atalazimika kuzisoma chuo kinachotambulika, mara nyingi kwa mtandao, na hulipiwa kwa krediti.

Uzuri ni kwamba GPA ya masomo hayo huangaliwa peke yake. Vyuo kadhaa pia huangalia krediti 60 za mwisho badala ya safari nzima. Kwa hiyo mwenye 2.8 anayepata A tano kwenye masomo ya awali ameshaleta hoja. Lakini OTCAS haifuti: ukirudia somo, alama ya kwanza na ya pili zote zinaingia kwenye hesabu. Wale wanaodhani watarudia Anatomia mpaka itoke A wajue kila jaribio linabaki pale, kama tattoo. Soma mara moja, soma vizuri, na usichukue masomo matatu magumu muhula mmoja ili kuwahi dirisha la maombi.

Programu nyingi pia huomba saa za kushuhudia kazi chini ya mtoa tiba aliyesajiliwa. Kwa Mwanza hili linawezekana lakini si rahisi, maana wataalamu hawa ni wachache. Anza na idara ya utengamao ya Bugando au Sekou Toure, nenda na barua, usiende kama mgonjwa anayeomba upendeleo, na uwe tayari kuambiwa urudi. Ukikubaliwa, andika tarehe na saa kila siku na upate sahihi siku hiyo hiyo. Kutafuta sahihi za miezi sita iliyopita ni kazi ya kukata tamaa.

Ukiingia, shahada ya uzamili na ile ya uzamivu ya kuingilia fani zote zinakufikisha kwenye mtihani uleule wa NBCOT, ule wa kuthibitisha watoa tiba kwa vitendo, mradi programu imeidhinishwa na ACOTE, chombo kinachokagua programu za fani hii. Zote zina fildi, yaani mafunzo ya kazini, ya mwisho ya angalau wiki 24 za kazi ya siku nzima. Ya uzamivu inaongeza mradi wa wiki 14 na ada. Kwa mtu anayetaka kuanza kazi sioni sababu ya kuilipia.

Kuna mlango mdogo wa pembeni, msaidizi wa mtoa tiba kwa vitendo, kozi ya miaka 2 katika vyuo vya jamii, ambayo masharti yake ya GPA ni laini. Mawakala wa vyuo huutangaza sana kwa Waafrika wenye alama za chini. Mimi siupendi kwa mtu wa kwetu. Ngazi hiyo ni ngumu kuitumia kupata viza ya kazi baada ya masomo, na ukirudi nyumbani unarudi na cheti cha usaidizi kilichogharimu kuliko stashahada kamili ya Moshi.

Kuhusu pesa nisizungushe maneno. Ada peke yake ya shahada ya uzamili inaweza kuvuka dola 60,000, na ufadhili kwa fani za afya za kitaaluma kwa mgeni ni haba. Masharti ya viza kwa Watanzania nayo yamekuwa yakibadilika. Angalia hali ya sasa ubalozini kabla hujalipia hata tathmini ya cheti. Bila mdhamini aliyesema namba kwa mdomo wake na kuiandika, njia hii sikushauri uianze.

Kenya na Afrika Kusini nazitaja tu. KMTC, chuo cha serikali ya Kenya cha mafunzo ya afya, wana stashahada ya fani hii, na Wakenya wana sheria yao ya watoa tiba kwa vitendo tangu 2017, lakini masharti yao yamejengwa juu ya alama za KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari, na utatumia muda kulinganisha vyeti. Afrika Kusini wanafundisha shahada ya miaka 4, vyuo vizuri, ushindani mkali, na wanataka alama za sekondari. Kwa mwenye sayansi ya kidato cha nne, Moshi inamalizia hoja hizo.

Barua ya maelezo, kokote uendako

Moshi hawataihitaji sana. Uingereza na Marekani itakubeba au itakuzamisha. Makosa ninayoyaona kwenye barua za vijana wetu yanafanana: nusu ukurasa wa kuomba radhi kwa GPA, kisha "tangu utotoni nimependa kusaidia watu". Kila mwombaji anapenda kusaidia watu, hata wa benki.

GPA ieleze kwa mistari mitatu, sababu yake na kilichobadilika, uendelee. Kama mwaka wa kwanza ulikuwa unauza dagaa Kirumba asubuhi na darasani mchana, sema hivyo bila kuomboleza, na uonyeshe mwaka wa tatu alama zilipanda. Nafasi iliyobaki uitumie kwa ulichokiona kwa macho. Mfano wa aina ninayoizungumzia:

"Mama alikuja na mtoto wa miaka mitano mgongoni. Hakuwa akimlisha akiwa amekaa kwa sababu mtoto alikuwa akianguka upande. Mtaalamu alitengeneza kiti kwa maboksi yaliyogandishwa kwa uji wa unga, akakikata kufuata mapaja ya mtoto. Nilipewa kazi ya kupiga msasa kingo. Wiki iliyofuata mama alisema mtoto amekula bila kupaliwa, lakini kiti ni kizito kukibeba kwenye daladala. Tulikipunguza."

Mistari hiyo inaonyesha unajua tatizo, unajua kifaa kinaweza kuwa sahihi kliniki na kibaya nyumbani, na unajua nafasi yako. Aliyeisoma atasahau 2.8 kwa dakika kadhaa, na dakika hizo ndizo unazozitafuta. Usiandike jina la mgonjwa, usipige picha, hata mama akikubali.

Kwa waandika mapendekezo, mhadhiri aliyekufundisha mwaka wa tatu na kukupa B+ ni bora kuliko mkuu wa idara asiyekufahamu. Mwingine awe aliyekuona ukifanya kazi na watu.

Ningemwambia nani aende wapi

Mwenye D au zaidi kwenye Kemia, Fizikia na Baiolojia, hana mdhamini, GPA yoyote ile: Moshi, na mapema, wala sioni haja ya kufikiria sana. Hata akitaka kwenda nje baadaye, ataenda akiwa na fani mkononi na GPA mpya.

Mtu wa sanaa mwenye 3.0 hadi 3.4, ana C ya Hisabati, amefanya kazi na watu wenye ulemavu, na ana ndugu au taasisi ya kulipa: Uingereza. Ajaribu vyuo vinne vitano vyenye masharti tofauti, asiweke roho yake kwenye kimoja.

Mtu wa sanaa mwenye 2.7 na hana pesa: arisiti. Najua hilo ndilo jibu linalochukiwa. Lakini mwaka mmoja wa Kemia na Fizikia za jioni unagharimu kidogo kuliko maombi ya nje yaliyokataliwa, na ukishafaulu hakuna anayeweza kukunyang'anya.

Mwenye shahada ya baiolojia au saikolojia, masomo ya awali karibu yote anayo, alama zake za mwaka wa mwisho ni nzuri, na kuna mfadhili aliyethibitika: Marekani inaeleweka kwake. Huyo ni mmoja kati ya wengi wanaoniuliza.

Na kuna yule mwenye pass ya 2.4, deni la Bodi, ajira ya mkataba, wazazi wanaomtegemea. Kwake nisingeanza na chuo. Ningeanza na cheti cha kidato cha nne mezani, transkripti pembeni yake, na mchana mmoja wa kwenda idara ya utengamao kuona kazi yenyewe ilivyo, mate na mkojo vikiwemo. Akitoka pale bado anaitaka, usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mapema mwaka, na fomu ya stashahada haitamuuliza GPA.